Toleo Maalumu la Gitaa la Baba

Kuna mtu huko Marekani analipwa mshahara kwa kazi ya kuharibu magitaa mapya. Nilimwona kwenye simu, nikiwa karakanani kwangu Lyamkena, hapa Makambako, nasubiri vanishi ya kitanda ikauke. Amevaa aproni safi kuliko shati langu la kanisani. Anachukua gitaa la umeme ambalo halijawahi kupigwa hata wimbo mmoja, analichapa kwa mnyororo wenye funguo, analisugua kwa msasa pale mkono wa mpigaji unapolala, kisha analichoma ubavuni kwa chuma cha moto, taratibu, bila wasiwasi wowote.

Maelezo yalisema hizo ni nakala za gitaa la mpiga roki mmoja mashuhuri, ambaye sasa ni marehemu. Zinatengenezwa mia moja tu, basi, na kila moja ina namba yake na cheti chake ndani ya sanduku. Kila kovu lililokuwa kwenye gitaa la yule bwana limo kwenye zote mia: mikwaruzo ya chuma cha mkanda wake, alama ya sigara aliyoisahau, rangi iliyochubuka. Bwana yule hakuwa mtunzaji wa vitu, na sasa uzembe wake umepimwa kwa rula na kunakiliwa mara mia.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, makabati, na majeneza pale yanapohitajika. Mteja wa Makambako akiona mkwaruzo mwembamba kama unywele, anataka apunguziwe bei. Niliitazama video ile mara tatu kwa hasira tupu. Mara ya nne niliitazama kama mwanafunzi, kwa sababu wakati huo baba alikuwa amekwisha kufa na gitaa lake lilikuwa limetugombanisha.

Baba naye alikuwa mashuhuri, kwa kipimo chetu, yaani kuanzia stesheni ya Makambako mpaka Njombe mjini, na Matembwe kidogo, ambako kwaya moja ilimwalika kwenye sikukuu ya mavuno ikamlipa jogoo na mbao sita. Gitaa lake la umeme alilinunua kwa fundi wa reli aliyetoka upande wa Zambia. Lilikuwa zito, jekundu la kukolea, na jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Alilipigia kwaya ya Walutheri hapa kwetu mpaka nilipofikisha miaka mitatu. Kisha alihamia Njombe, yeye na gitaa, kwa mwanamke mwingine, akawa Mkatoliki. Mama alisema amemsamehe kuhusu mwanamke. Kuhusu dhehebu alihitaji muda.

Kwenye ukingo wa juu wa lile gitaa, pale linapoegemea kifua cha mpigaji, kulikuwa na alama nne za meno ya mtoto. Mama alinisimulia tangu nikiwa mdogo kwamba meno yale ni yangu. Alisema baba alikuwa akinipakata huku anapiga, na mimi, fizi zikiniwasha, nikaling'ata gitaa, naye hakunipiga wala hakunishusha, akaendelea na wimbo. Sina picha niliyopiga na baba. Nilikutana naye mara chache, kwenye harusi na misiba, akawa ananisalimia kwa adabu, anauliza shule inaendaje, hata baada ya mimi kumaliza shule. Lakini nilikuwa na meno yale. Kila nilipoliona lile gitaa niliyatafuta kwanza kwa macho, nikishayaona natulia.

Baba alizikwa Njombe, kwenye baridi ya kutia watu vidole mifukoni. Msiba ulipokwisha, ukoo ulikaa kikao cha kugawa vitu vya marehemu. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwepo, na Walutheri waliunywa kwenye vikombe vya chai. Koti lake zito alipewa baba mdogo, mdogo wa baba, ambaye ndiye aliyeongoza kikao. Saa, baiskeli na majembe vilipata wenyewe bila kelele. Likabaki gitaa.

Nilisimama nikasema mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwamba gitaa lile lina meno yangu. Niliona nimezungumza vizuri. Dada yangu, mtoto wa yule mama wa Njombe, mdogo kwangu kwa miaka mitano, muuza miche ya parachichi na mpiga gitaa wa kwaya yao, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa sababu alidhani natania.

"Meno yapi, kaka? Yale ni ya kwangu. Baba mwenyewe alikuwa ananionyesha."

Nilihisi kama nimevuliwa shati mbele ya watu. Nikamwambia baba huenda alimridhisha tu mtoto. Akaniuliza mimi aliniridhisha nani. Mashangazi wakaanza kutazama chini, na baba mdogo akapiga kikombe kwa kijiko.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akinitazama mimi. Halafu akaona amekuwa mkali, akaongeza, "Lakini damu ni damu. Tufanye kama Suleimani. Mmoja achukue shingo, mwingine tumbo."

Mzee mmoja wa kanisa akamkumbusha kwamba Suleimani hakukata. Baba mdogo akasema anajua, alikuwa anapima watu. Sikuamini kwamba alikuwa anajua.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile video. Nikasema nitatengeneza gitaa la pili, nakala ya lile, kovu kwa kovu, na itakuwa moja tu duniani, haitaongezwa. Yakiwa tayari, mmoja atachukua hili na mwingine lile. Baba mdogo akafikiri, kisha akatoa hukumu ambayo kwa kweli ni ya zamani kuliko yeye. Kwetu anayekata nyama ndiye anayechagua mwisho, ili asijipendelee. Kwa hiyo mimi nitatengeneza, dada atachagua kwanza bila kuambiwa lipi ni lipi, nami nitachukua litakalobaki. Baada ya hapo ukoo hautaki kusikia tena habari ya gitaa. Dada akakubali. Nikakubali haraka kuliko yeye, maana nia yangu haikuwa safi.

Nilijua watu wanavyochagua. Ukimwekea mtu vitu viwili, kimoja kizee na kingine kizee zaidi, na ukamwambia kimojawapo ni cha kughushi, atashika kile kizee zaidi. Nilipanga kutengeneza nakala iwe ya zamani kuliko gitaa lenyewe. Dada angeenda nayo Njombe akiwa na furaha, na mimi ningebaki na meno yangu.

Gitaa la baba nikapewa niende nalo karakanani liwe kielelezo. Nikaanza na uzito. Msindano ulikuwa mwepesi mno, nao ndio mti tulio nao kwa wingi huku. Nikapata ubao wa mlango wa zamani, mti mgumu ambao hata msumeno ulilalamika. Nilikwenda dukani kwa jirani muuza maharage nikayapima yote mawili kwenye mizani yake. Nakala ilipungua robo kilo. Nikachimba tundu ndani, nikatia nati mbili za gurudumu la lori na kuziba kwa gundi, na hapa kwetu nati za lori hazina shida kupatikana. Vinasa sauti, nyuzi na vile vyuma vyembamba vya shingoni nilivitoa kwenye gitaa bovu la kwaya moja, na waya nikampa fundi umeme ambaye hutengeneza pasi na redio karibu na stesheni. Aliangalia ya ndani ya gitaa la baba, akaguna, akafanya kazi yake.

Kisha makovu. Baba alikuwa anapiga akiwa amevaa lile koti zito, mwaka mzima, na vifungo vyake vilikuwa vimekwaruza mgongo wa gitaa mistari myembamba iliyopindia upande mmoja. Nikaliazima koti kwa baba mdogo. Kwa wiki tatu, kila mchana kazi ikipungua, nilikaa mlangoni nimevaa koti la baridi ya Njombe kwenye jua la Makambako, nimekumbatia gitaa lisilo na nyuzi, najisugua. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia kabati aliondoka bila kuuliza. Chini kulikuwa na sehemu iliyoungua, kwa sababu baba alikuwa na tabia ya kuliegemeza karibu na jiko la mkaa. Nami nikawasha jiko, nikaliegemeza, nikakaa nalo. Niligundua kwamba ukitaka gitaa liungue kiasi kile hasa, inabidi uwe umesahau jambo fulani kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Na cheti. Magitaa ya yule mpiga roki yalikuwa na vyeti, nikaona la baba lisidharauliwe. Nikaenda ofisi ya mtaa kuomba barua yenye muhuri. Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza magitaa ni wakazi wa hapa tangu lini, akaandika: "Kwa yeyote anayehusika. Magitaa tajwa, mawili kwa idadi, yanafahamika katika mtaa huu na hayana rekodi ya uhalifu." Sikujua kama alikuwa ananicheka. Nilitoa nakala mbili.

Yakabaki meno. Yule fundi wa Marekani nadhani hajapata kazi ya namna hii. Alama zile zilikuwa zimeingia kwenye mbao kwa nguvu ya taya dogo, na patasi yangu ilikuwa inatoa alama za patasi. Nikaona njia ni moja. Jirani yangu, mama muuza maandazi, alikuwa na binti aliyeota meno manne siku zile zile. Nikamwomba aniazime mtoto aje ang'ate gitaa. Tumeishi jirani miaka tisa. Aliuliza tu kama vanishi ina sumu.

Nikapaka parachichi iliyoiva kwenye ukingo, nikampakata mtoto, nikamsogezea gitaa. Akalamba parachichi yote. Nikapaka tena. Akalamba tena, safari hii kwa utulivu zaidi. Hakukuwa na dalili ya kung'ata. Mama yake akaniambia mimi sijui watoto, akalishika gitaa akajifanya anamnyang'anya, na hapo hapo mtoto akalikamata kwa meno yote aliyokuwa nayo. Mtoto haumi anachopewa, aliniambia, anauma anachonyang'anywa. Nilimpa mtoto parachichi iliyobaki, nikamshukuru mama, wakaenda zao.

Nikaweka karatasi juu ya alama mpya nikazisugua kwa penseli, nikafanya hivyo hivyo kwenye gitaa la baba, nikazilinganisha dirishani. Za binti wa jirani zilikuwa zimeshikana. Za kwenye gitaa la baba zilikuwa mbili huku na mbili kule, na katikati kulikuwa na nafasi ya kupitisha punje ya mchele. Mwanzoni nilimlaumu mtoto. Nikafikiri labda amekaa vibaya, labda ameteleza kwa sababu ya parachichi. Nikapima tena. Nafasi ilikuwepo.

Baba alikuwa na mwanya. Dada yangu anao huo huo, mpana, ndio maana akicheka watu hugeuka. Mimi meno yangu ni ya mama, yamebanana tangu nilipoyaota, hata uzi haupiti. Nilikaa kwenye benchi ya kazi na karatasi mbili mkononi. Hapakuwa na cha kubishana na penseli.

Niliumia. Niliumia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi bado nilikuwa na meno. Mama alikuwa ametangulia miaka mingi, hivyo hapakuwa na wa kumuuliza, nikamkasirikia tu huko huko alipo. Nilimkasirikia siku mbili nzima, nikavunja kiti kimoja ambacho kwa bahati kilikuwa changu. Siku ya tatu hasira ikaisha yenyewe. Nikamwona mama akiwa na mtoto anayeuliza baba yuko wapi, na hana cha kumpa. Alimpa kile kilichokuwepo, meno ya mtu mwingine.

Mtu mwema angeishia hapo, angepanda gari kwenda Njombe na kumpelekea dada yake gitaa lake. Mimi nilinoa patasi. Sijui kueleza vizuri, ila nilipojua kwamba si langu ndipo nilipolitaka zaidi. Nikaziba alama za binti wa jirani kwa unga wa mbao na gundi, nikachonga upya, jino moja baada ya jingine, kwa kukumbuka mdomo wa dada yangu akinicheka kikaoni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ningependa niwe najivunia.

Dada alikuja Jumamosi. Alileta spika ya gitaa ya baba, sanduku zito lililofungwa kamba, maana alisema hawezi kuchagua gitaa la umeme kwa macho. Baba mdogo alikuja kama shahidi. Alisalimia "Kamwene," akakaa kwenye kitanda cha mteja, na haukupita muda akalala usingizi. Niliyaweka magitaa juu ya meza yamefunikwa shuka, nikayafunua. Nitasema ukweli, hata mimi ilinibidi nitazame mara ya pili.

Dada alivua viatu, kama alivyozoea akipiga, akakaa kwenye kigoda, miguu juu ya saruji. Akachukua gitaa la baba kwanza, akalichomeka kwenye spika. Alipogusa nyuzi vidole vyake viliruka kidogo, nikadhani ni baridi ya asubuhi. Akapiga vipande viwili vitatu vya kanisani, akaliweka. Akachukua nakala yangu. Akapiga vile vile, akapitisha kidole gumba juu ya meno, akarudia tena na tena, mpaka nikaanza kupanga misumari kwa ukubwa wake. Yule fundi wa Marekani hupeleka gitaa lake mezani kwa mwingine, anachukua jingine. Hakai chumba kimoja na mtoto wa marehemu.

"Nachukua hili," dada alisema. Alikuwa ameshika la kwangu.

Baba mdogo akaamka, akatangaza kwamba jambo limekwisha, akauliza kama kuna chai. Nilikuwa nimeshinda. Nilimfungashia dada gitaa kwenye blanketi, nikatia na barua ya mtaa, nikambebea mpaka stendi. Njia nzima alikuwa ananisimulia habari za miche na bei ya mbolea. Tulipofika kwenye gari la Njombe alilichukua gitaa kwangu kwa mikono miwili, kwa uangalifu, na mimi nikashindwa.

"Dada," nilimwambia, "hilo si la baba. Nimelitengeneza mimi. La baba limebaki karakanani. Na yale meno ni yako, si yangu. Nilijua kabla hujaja, nikanyamaza."

Nilidhani atanipiga na gitaa lenyewe. Badala yake akakaza fundo la blanketi.

"Najua si la baba," alisema. "Hili halipigi shoti."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba nyumbani kwao kila mtu alijua: ukiligusa gitaa la baba bila viatu, umeme wa ile spika unakuruka vidoleni, si wa kuua, wa kukukumbusha tu. Baba mwenyewe alikuwa anapiga akiwa amekanyaga kipande cha tairi. Watoto walikatazwa kuligusa wakiwa pekupeku, kwa hiyo waliligusa kila siku. Baadaye nilimuuliza fundi umeme wangu, akasema ndiyo, kulikuwa na waya mmoja wa hatari unaokwenda kwenye nyuzi, hakuuweka kwenye gitaa jipya, na hakunidai kitu kwa wema huo. Mimi sikujua habari ya shoti. Sikuwahi kukaa kwenye ile sakafu.

"Leo nilipolishika tu likanipiga," dada alisema. "Nikaliamkia kimoyomoyo. Shikamoo, baba."

"Sasa kwa nini ukachagua hili?"

Kondakta alikuwa anamwita apande. Aliingia, akakaa dirishani, akaliweka gitaa mapajani na kulizungushia mkono. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa na shida hiyo.

"Mimi nilikuwa na baba, kaka," alisema. "Wewe chukua gitaa. Na ile spika sijaisahau, nimekuachia."

Gari likaondoka. Nilirudi Lyamkena kwa miguu, nikamkuta baba mdogo amekwisha kwenda zake. Nikafunga mlango wa karakana, nikachomeka spika ukutani, nikavua viatu.